Sura ya Saba: Kanuni za Mwenye Nyumba

Pampu ya maji iliyofungwa nyuma ya nyumba haijui kwamba maji ya mgao hufika Jumanne na Ijumaa usiku. Haijui kwamba tangi la juu likifurika maji humwagikia ukuta wa jirani, kwamba uniti za umeme huwa haba mwisho wa mwezi, wala kwamba bibi analala chumba kinachopakana nayo na ngurumo ya mota humkatisha usingizi. Mwenye nyumba anayajua yote hayo. Mhandisi aliyeibuni pampu, awe Shenzhen au Milano, hawezi kuyajua, na hata angeijua nyumba moja vizuri, nyumba ya pili ina mambo yake.

Sura zilizopita zilieleza jinsi kifaa cha kawaida kinavyopewa kompyuta ndogo, redio ya Wi-Fi na anwani yake mtandaoni, mpaka soketi ya ukutani ikawa inapokea amri kutoka kwenye simu. Ukiishia hapo hujapata kikubwa: badala ya kuinuka kitini kuzima taa, unaizima ukiwa umekaa. Kifaa huanza kuwa janja kinapotenda bila kuambiwa, na ili kitende bila kuambiwa lazima mtu awe amekiwekea kanuni mapema. Mtu huyo ni nani? Watengenezaji wengi wangependa wawe wao. Hoja yangu ni kwamba anapaswa kuwa yule anayeishi na kifaa, na kwamba kinachomkwamisha si kuandika kanuni, kama wengi wanavyodhani, bali kuielewa ikishaanza kufanya kazi.

Kumpa asiye mtaalamu uwezo wa kuiamuru kompyuta si wazo jipya. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali iliyotumika kwenye kompyuta ndogo za Apple II, na haikuchukua muda wahasibu, wenye maduka na makarani wakawa wanaandika fomula zinazotegemeana safu kwa safu. Huko ni kuandika programu. Ila hakuna aliyewaambia hivyo, na wao hawakujiona hivyo. Walijiona wanapiga hesabu zao. Mwanaanthropolojia Bonnie Nardi alilichunguza jambo hili kwa makini na mwaka 1993 akalitolea kitabu, A Small Matter of Programming. Alionyesha kwamba watu wa kawaida hujifunza lugha rasmi bila taabu kubwa mradi lugha hiyo izungumzie kazi wanayoijua. Aliona pia kwamba hawaifanyi peke yao. Kila ofisi ina mmoja anayeipenda kazi hiyo, na wenzake wakikwama humwendea. Mtu huyo tutakutana naye tena, safari hii sebuleni.

Majumbani mambo yalikwenda taratibu. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni X10, mfumo uliopitisha amri ndani ya nyaya zile zile za umeme wa nyumba. Ungeweza kupanga taa ya uani iwake saa moja jioni na kuzimika saa tano. Ilikuwa hatua, ingawa amri nyingine zilipotea njiani na hakuna aliyejua zimeishia wapi. Kwa miaka mingi baada ya hapo nyumba inayojiendesha ilibaki anasa ya matajiri wenye mkandarasi, au mchezo wa wale wenye subira na bisibisi.

Kisha, Desemba 2010, Linden Tibbets wa San Francisco akatangaza huduma aliyoiita IFTTT, jina ambalo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "ikitokea hivi, fanya vile". Kila kanuni ilikuwa na sehemu mbili tu: kichocheo na kitendo. Kesho ikitabiriwa mvua, nitumie ujumbe. Nikipigwa picha ikawekwa Facebook, nihifadhie nakala. Jua likizama, washa taa ya barazani. Hakukuwa na "au", hakukuwa na "isipokuwa", hakukuwa na hesabu yoyote. Kwa mwandishi wa programu huo ni ufukara. Lakini mtu asiyewahi kuandika mstari mmoja wa programu aliweza kukaa, akachagua kichocheo kwenye orodha, akachagua kitendo kwenye orodha nyingine, na kabla chai haijapoa kanuni yake ikawa kazini. Watu walizitunga kwa maelfu na kugawiana. Wenyewe wa IFTTT waliziita mapishi, hadi 2016 walipozibadilisha jina.

Je, ufukara huo unatosha kwa nyumba halisi? Mwaka 2014 Blase Ur na wenzake, wa vyuo vikuu vya Carnegie Mellon na Brown nchini Marekani, walilipima swali hili. Waliwauliza watu mtandaoni wangependa nyumba janja iwafanyie nini, wakakuta mengi ya matakwa hayo yanaweza kuelezwa kwa kichocheo na kitendo. Wakakusanya kanuni 67,169 ambazo watumiaji wa IFTTT walikuwa wamezigawa hadharani, wakaona kwamba watu hawakuwa wakinakiliana tu. Mchanganyiko wa vichocheo na vitendo ulikuwa wa aina nyingi mno. Mwishowe wakawapa watu 226 jaribio lenye vichocheo au vitendo zaidi ya kimoja, na hata wale wasio na uzoefu wowote walijifunza haraka. Matokeo hayo, kwa maoni yangu, hayajapewa uzito unaostahili, hasa na kampuni ambazo bado zinafunga mipangilio ya vifaa vyao kwa kisingizio kwamba mteja atachanganyikiwa.

Utafiti huo huo uligusa jambo jingine linalochekesha kidogo. Watu walipoeleza wanachotaka, walitaja vichocheo ambavyo hakuna kihisi kinachovitambua. Hakuna mtu anayesema "kihisi cha chumba cha kulala kisipoona mwendo kwa dakika 20." Anasema "nikilala." Anasema "wageni wakifika", "mtoto akianza kulia", "nyumba ikitulia". Kihisi mwendo cha bei nafuu hakimjui mgeni wala mwenyeji. Kinachotambua ni badiliko la joto la infraredi linalopita mbele yake. Ukikaa kimya ukisoma gazeti, kwake wewe hupo, na ndiyo maana katika majengo ya kisasa mtu hujikuta msalani gizani akipunga mikono hewani ili taa irudi. Kati ya "nikilala" na "mwendo usipoonekana" kuna pengo, na kuliziba kunahitaji mashine zinazojifunza tabia za watu, jambo lenye matatizo yake ambayo sura ya tisa itayashughulikia.

Hata hivyo pengo la vihisi si kubwa kama pengo la muda. Hapa ndipo kanuni nyingi huharibika, na inafaa tukae kidogo.

Soma sentensi hii: "Mvua ikinyesha nikiwa nyumbani, funga dirisha." Inaonekana haina utata. Sasa tuseme mvua ilianza ukiwa kazini, ukarudi saa moja baadaye ikiwa bado inanyesha. Je, dirisha lifungwe unapoingia mlangoni? Mmoja atasema ndiyo, maana masharti yote mawili yametimia. Mwingine atasema hapana, kwani mvua haikuanza ukiwapo. Wote wana hoja, lakini mashine itafuata tafsiri moja tu, na mara nyingi haitakuambia ni ipi.

Justin Huang na Maya Cakmak wa Chuo Kikuu cha Washington walilichambua suala hili mwaka 2015. Kuna vichocheo ambavyo ni tukio: mvua kuanza, mlango kufunguka, jua kuzama. Hutokea mara moja na kupita. Kuna vingine ambavyo ni hali: mvua inaendelea, mlango uko wazi, ni usiku. Hali hudumu. Unaweza kuunganisha tukio na hali bila shida: mlango ukifunguka wakati ni usiku, washa taa. Unaweza kuunganisha hali na hali, ukikubali kwamba mashine itakuwa inakagua kila wakati. Lakini tukio na tukio haviunganiki. Mwambie mfumo "nikifika nyumbani na jua likizama, washa taa", nao ukakuelewa neno kwa neno, utasubiri siku ambayo utavuka kizingiti nukta ile ile jua linapogusa upeo wa macho. Taa haitawaka kamwe, nawe utaamini balbu ni mbovu.

Vitendo navyo vina tabaka zake. Kutuma ujumbe kunaisha palepale. Kuchemsha kahawa huchukua dakika kadhaa na kunajimaliza kwenyewe. Kuwasha taa ni kitendo cha aina ya tatu: hakina mwisho mpaka mtu auseme. Mtu akiandika "usiku ukiingia, washa taa ya geti", kichwani mwake neno "asubuhi izime" lipo tayari hata kama hakulitamka. Mashine haina hilo neno. Watafiti hao walikuta kwamba watu hutofautiana sana katika kufasiri kanuni kama hizi, na kwamba tafsiri zao hazilingani na jinsi mifumo inavyofanya kazi. Kosa hapo si la mtumiaji. Binadamu akimwambia mwenzake "washa taa ya geti usiku ukiingia," hakuna anayeikuta taa imewaka mpaka saa sita mchana na kujitetea kwamba hakuambiwa azime.

Turudi kwenye tangi, maana mfano mmoja ukifuatwa hadi mwisho hufundisha kuliko kumi inayoguswa juu juu. Kanuni ya kwanza ya mwenye nyumba ni hii: maji yakishuka chini ya asilimia 30, washa pampu. Vizuri. Na izime lini? Hajasema, basi tangi linafurika na ukuta wa jirani unalowa. Anaongeza: yakifika asilimia 30, zima. Sasa pampu inawaka, maji yanapanda kidogo, inazima. Mtu anafungua bomba jikoni, maji yanashuka, inawaka tena. Uso wa maji unapoyumba tu kihisi kinasoma 29, mara 30, mara 29, na pampu inawaka na kuzima bila kupumzika. Mota ya umeme inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishachanganya. Ikianzishwa mfululizo namna hiyo hupata joto, na ikiendelea huungua.

Dawa yake ni kuwa na viwango viwili: washa chini ya 30, zima juu ya 90, na kati ya hapo iache ilivyo. Mafundi wa pampu walilijua hili kabla ya vifaa janja. Ile swichi ya boya linaloelea ndani ya tangi, likining'inia kwa waya wake, ndiyo hiyo hiyo: waya ukiwa mrefu, boya husafiri umbali mkubwa kati ya kuwasha na kuzima, ukiwa mfupi, pampu huwaka kila mara. Fundi hurekebisha urefu wa waya kwa mkono, akauangalia, akaridhika. Boya hilo lina somo ambalo wabunifu wengi wa programu za simu hawajalipata: kanuni yake inaonekana kwa macho. Yeyote anayepanda ngazi na kuchungulia tangini anaelewa kwa nini pampu imewaka.

Kanuni ya tatu inahusu bomba kavu. Pampu ikizunguka bila maji huharibika, kwa sababu maji yale yale inayoyasukuma ndiyo yanayoipooza na kulainisha sili zake. Kwa hiyo: pampu ikiwa imewaka na kiwango cha tangi hakijapanda kwa dakika tano, izime na unitumie ujumbe. Kanuni nzuri sana. Angalia kwamba imechanganya hali na muda, na kwamba huduma yenye kichocheo kimoja na kitendo kimoja haiwezi kuibeba.

Halafu inakuja ya nne, ya bibi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, pampu isiwake. Lakini maji ya mgao huja usiku! Ikifika Ijumaa saa nane za usiku, tangi liko asilimia 12, bomba lina maji, na kanuni mbili zinavutana: moja inasema washa, nyingine inakataza. Nani mshindi? Kwenye mifumo mingi ya nyumbani hakuna mshindi aliyepangwa. Amri iliyofika mwisho ndiyo inayotekelezwa, na ipi itafika mwisho ni suala la bahati. Kitaalamu unaweza kuweka daraja la kanuni, kwamba hii inaizidi ile. Ila daraja lenyewe litoke wapi? Kati ya usingizi wa bibi na maji ya wiki nzima, uamuzi ni wa kikao cha familia. Pengine watakubaliana Ijumaa tu, nusu saa tu. Pengine bibi atahamia chumba cha mbele. Kiwanda hakiwezi kuuliza swali hilo, seuze kulijibu.

Kanuni zikifika ishirini au thelathini, kila moja ikiwa na akili yake, huanza kuchokozana zenyewe. Kitendo cha moja kinakuwa kichocheo cha nyingine. Kiyoyozi kikiwaka funga madirisha. Madirisha yakifungwa wakati wa mchana washa taa. Taa zikiwaka ina maana kuna mtu, basi washa kiyoyozi. Usalama nao unaingia hapo. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Carnegie Mellon wakiongozwa na Milijana Surbatovich walichunguza kanuni 19,323 za IFTTT na kukuta kwamba karibu nusu zingeweza kuwa za hatari: ama zinavujisha jambo la siri, ama zinamruhusu mtu wa nje kusababisha kitendo kisichomhusu. Kanuni inayofungua dirisha joto la sebuleni likizidi ni ya busara kabisa, mpaka utambue kwamba yeyote anayeweza kulipandisha joto hilo, kwa mfano kwa kuiingia akaunti ya hita, amepata ufunguo wa dirisha lako. Mwenye kanuni hakuandika popote kwamba mgeni aingie. Aliandika mambo mawili yasiyo na ubaya, yakakutana.

Kwa hiyo ukiniuliza chombo gani kinahitajika zaidi, sitasema orodha ndefu zaidi ya vichocheo. Nitasema sehemu ya kuuliza swali. Mwaka 2004 Andrew Ko na Brad Myers, nao wa Carnegie Mellon, walitengeneza chombo walichokiita Whyline kwa ajili ya watu wanaojifunza kuandika programu. Badala ya kumwacha mtu apekue mistari akibahatisha, kilimruhusu aiulize programu moja kwa moja: kwa nini hiki kimetokea? Na, lililo gumu zaidi: kwa nini kile hakikutokea? Katika majaribio yao muda wa kutafuta makosa ulipungua karibu mara nane. Ni nadra kuona badiliko moja la muundo likizaa tofauti kubwa hivyo.

Wazo hilo lilichukua muda kufika majumbani. Huko Torino, Italia, watafiti wa chuo cha Politecnico walionyesha mwaka 2019 kwamba watumiaji wa kawaida wanaweza kugundua migongano na mizunguko ya kanuni zao ikiwa mfumo utawaonyesha hatua kwa hatua kitakachotokea. Mwaka 2021 Home Assistant, programu huria ya kuendesha nyumba iliyoanzishwa na Mholanzi Paulus Schoutsen mwaka 2013, iliongeza uwezo wa kufuatilia nyayo: unafungua kanuni, unaona mara ya mwisho ilichochewa na nini, ilipitia masharti gani, na ilikwama wapi. Kwa aliyewahi kuamshwa na taa inayojiwasha saa tisa usiku, huo ni msaada usiopimika. Nashangaa kwamba bado kuna vifaa vinavyouzwa kwa bei ya ng'ombe visivyoweza kujibu swali hilo moja.

Sasa tukaribishe yule mtu wa Nardi. Mwaka 2011 A. J. Brush na wenzake walitembelea kaya 14 zilizokuwa tayari zinaishi na mifumo ya kujiendesha. Miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba kwa kawaida kuna mtu mmoja anayeuelewa mfumo, na waliobaki wanaishi ndani ya kanuni zake. Ofisini hilo halina madhara makubwa, kila mmoja ana lahajedwali yake. Nyumbani taa ni moja. Baba kapanga taa za barazani zizimike saa tatu. Mtoto anasomea mtihani hapo. Dada wa kazi anazima balbu janja kwa swichi ya ukutani kama alivyozoea maisha yake yote, umeme unakatika kwenye balbu, na kanuni zote zinazoihusu zinakufa kimya kimya. Nani mkosaji? Mfumo mzuri huiacha swichi ya ukutani ifanye kazi yake ya siku zote na kanuni zifuate mkono wa mtu. Mfumo mbaya hubandika karatasi ukutani: USIGUSE SWICHI HII.

Kuna upande wa giza zaidi, na si vizuri kuupita kwa upole. Mwaka 2018 gazeti la New York Times liliripoti jinsi vifaa hivi vilivyokuwa vikitumiwa katika ukatili wa majumbani nchini Marekani: mwanamume ameondoka, lakini akaunti bado ni yake, basi anabadilisha namba ya siri ya mlango, anapandisha joto la nyumba, anapiga kengele kukiwa hakuna mtu mlangoni. Aliyebaki ndani hajui afanye nini, na akieleza haaminiki. Tunapozungumza kuhusu mtumiaji kujiwekea kanuni, lazima tuulize mtumiaji yupi, na kama wengine ndani ya nyumba wanaweza kuzisoma kanuni hizo, kuzisimamisha, na kumwondoa aliyeziweka.

Na kanuni yenyewe inakaa wapi? Watu wengi hudhani imo ndani ya kifaa. Mara nyingi sivyo. Imo kwenye seva ya kampuni, ng'ambo, na kifaa kinaisubiri ifike. Kwa msomaji anayenunua bando la intaneti kwa siku au kwa wiki, hili lina maana ya moja kwa moja: bando likiisha, pampu imewaka, amri ya kuzima haina njia ya kufika. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji utaalamu. Chomoa ruta kwenye laini ya intaneti, uiache Wi-Fi ya ndani ikiwaka, kisha uone ni kanuni zipi zinaendelea kutekelezwa. Fanya hivyo kabla hujamlipa muuzaji, si baada.

Intaneti ikiwapo pia hakuna uhakika. Kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Google, iliinunua kampuni ndogo ya Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 ikazima seva zake. Kitovu cha Revolv, kilichouzwa kwa dola 300, kikawa kopo tupu, pamoja na kila kanuni ambayo mwenyewe alikuwa ameitunga. Septemba 2020 IFTTT ilianza kuwawekea wasiolipa kikomo cha kanuni tatu za kujitungia. Ni haki yao kibiashara, seva zina gharama, lakini aliyekuwa na kanuni hamsini alijifunza siku hiyo kwamba alikuwa mpangaji. Hapo ndipo mifumo inayofanya kazi ndani ya nyumba yenyewe, kama Home Assistant, ilipopata wafuasi wengi, pamoja na jeshi la mafundi wa mitaani na wanafunzi wanaotumia chipu za bei nafuu za Espressif ya Shanghai kujitengenezea swichi zao. Gharama yake ni muda. Utakesha.

Oktoba 2022 kampuni kubwa zilizokuwa zikishindana, zikiwamo Apple, Google, Amazon na Samsung, zilitoa kiwango cha pamoja kiitwacho Matter, ili balbu ya kampuni moja ielewane na programu ya nyingine. Ni jambo jema lililochelewa. Lakini Matter inasanifisha lugha ya kifaa, kwa maana ya washa, zima, punguza mwanga, joto ni nyuzi ngapi. Haisanifishi kanuni za mwenye nyumba. Ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, unazihamisha balbu na kuanza kuandika kanuni upya, moja moja, ukijaribu kukumbuka kwa nini uliweka dakika saba na si tano.

Siku hizi kuna njia ya mkato. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba mtumiaji wa Google Home ataweza kueleza kwa sentensi ya kawaida anachotaka, na akili mnemba imwandikie kanuni. Kampuni nyingine zimefuata. Kwa mtazamo wa kwanza tatizo limekwisha: huhitaji orodha, huhitaji kujua kichocheo ni nini. Lakini sentensi ya "mvua ikinyesha nikiwa nyumbani" bado ina tafsiri zake mbili, na mashine itachagua mojawapo kwa niaba yako. Kisha inakuletea maandishi ya kanuni, yaliyopangwa kwa mistari na nukta pacha, ikuombe uyahakiki kabla ya kuyahifadhi. Yule ambaye hakuweza kuyaandika sasa anatakiwa kuthibitisha kwamba ni sahihi.

Ningependelea mashine imwonyeshe wiki iliyopita. Mifumo mingi tayari inahifadhi kumbukumbu za vihisi, saa kwa saa, na hakuna kinachozuia kanuni mpya kupitishwa juu ya kumbukumbu hizo kabla haijaruhusiwa kugusa kitu chochote: Jumanne ingewaka mara moja, saa tano usiku, Jumatano isingewaka, Alhamisi ingewaka mara 43 kati ya saa sita na saa saba mchana. Mtu yeyote akiona Alhamisi hiyo atajua kuna kitu hakiko sawa, awe amesomea kompyuta au hajasomea.